Jibu: Kupunguza uzito wa sivijointi

Salaam ndugu. Umesema ulichonga kikombe cha nje cha sivijointi (kiungo cha gololi kinachopeleka mzunguko kwenye gurudumu hata shafti ikipinda) ili kupunguza uzito, na sasa mifereji ya gololi inachimbika. Kabla ya kubadili chuma, futa grisi utazame alama zilizoachwa na gololi: katika vikombe nilivyofungua, zikiegemea ukingo wa mfereji, kikombe kilikuwa kimepanuka kwa msokoto na kuziachia gololi chache mzigo wote. Rudisha unene nyuma ya mifereji, uzito uutafute kwingine. Gololi 8 ndogo badala ya 6 huruhusu kikombe chembamba zaidi, na shafti yenye tundu linalopita katikati kwa urefu wote, la nusu ya kipenyo chake, hupungua uzito kwa asilimia 25 huku ikipoteza takribani asilimia 6 tu ya uimara dhidi ya msokoto. Pembe ya kupinda kwa kiungo hukuitaja. Tafadhali itaje, maana ikiwa kubwa hukikandamiza sana kizimba cha gololi, yaani fremu inayozishikilia mahali pake.