Kitabu cha majini kinachonituliza: nikichome?

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Mimi ni mama wa makamo, mkazi wa Tanga. Marehemu baba alininunulia Adili na Nduguze, kitabu cha ngano cha Shaaban Robert, nilipokuwa shule ya msingi, nikakisoma hadi majalada yakabanduka. Baba alipofariki, kaka zangu wawili waliishika nyumba na shamba, mimi sikuambulia kitu. Mama alishatangulia. Tangu hapo, usiku moyo ukinibana, nakifungua. Ustadhi anayetusomesha darsa ya kina mama amesema ni kitabu cha uongo na uchawi, nacho kimeingia katika maneno ya upuuzi yaliyokatazwa na Qur'ani, nikichome kabla ya Ramadhani. Linaloniuma zaidi ni kwamba kweli mkono wangu hukitafuta hicho kabla ya msahafu. Je, nina dhambi?

JAWABU: Waalaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh. Mwanangu, usikichome. Kukisoma si haramu, na anayesema ni haramu ana deni la ushahidi, maana kuharamisha ni kumsemea Mwenyezi Mungu.

Aya anayoitegemea ustadhi wako naijua: Surat Luqman, aya ya 6, juu ya watu wanaonunua maneno ya upuuzi. Mbona ameikatia njiani? Inaendelea: ili wawapoteze watu na njia ya Mwenyezi Mungu, na waifanyie mzaha. Wafasiri wanamtaja Nadhr bin Harith, Mkureishi aliyeleta visa vya mashujaa kina Rustam na Isfandiyar kutoka Uajemi, akawavuta navyo watu wasimsikilize Mtume (s.a.w.), akidai vyake ni vitamu zaidi. Huyo aliifanya hadithi kuwa silaha ya kuipiga Qur'ani. Mwanamke aliyedhulumiwa, anayelia usiku juu ya kitabu alichopewa na babake, amempiga nani? Sahaba Ibn Masud (r.a.) alisema maneno ya upuuzi katika aya hiyo ni nyimbo, nami sipuuzi kauli yake, ila lile sharti la kuwapoteza watu limo ndani ya aya yenyewe na hakuna wa kulitoa.

Ustadhi atarudi na hoja ya uongo: "Ole wake anayezungumza akasema uongo ili awachekeshe watu." Hadithi hiyo wameipokea Abu Daud na Tirmidhi, na ni juu ya anayewaaminisha watu jambo lisilokuwapo. Nani amesoma katika kitabu chako habari za nchi ya Ughaibu na mfalme wake Rai, akaenda stendi kuulizia nauli? Mwandishi na msomaji wanajua tangu mwanzo kwamba huu ni mfano. Al-Hariri wa Basra alitunga Maqamat, visa 50 vya ayari wa kubuni aitwaye Abu Zayd, na katika dibaji akajitetea dhidi ya watu wa aina hii hii. Wanazuoni waliokuja baada yake walivisomesha na kuviandikia vitabu vya ufafanuzi. Je, wote hao walikuwa hawaijui Surat Luqman?

Tena Bibi Aisha (r.a.) alikuwa na wanasesere, kati yao farasi mwenye mbawa mbili za kitambaa. Mtume (s.a.w.) akamuuliza: farasi ana mbawa? Akajibu: hukusikia kwamba Suleiman alikuwa na farasi wenye mbawa? Mtume akacheka hadi magego yakaonekana. Hadithi hii imo katika Abu Daud. Hakuamuru yule farasi achomwe.

Kuhusu uchawi, nashangaa kama ustadhi amekisoma. Huria ni jini anayelipa wema aliotendewa na Adili, na kuwageuza Hasidi na Mwivu, nduguze Adili, kuwa manyani ni adhabu ya kumtosa ndugu yao baharini. Katika Al-Baqara, aya ya 65, wapo walioambiwa: kuweni manyani waliodhalilika. Ile ni kweli ya Mola na hii ni ngano, lakini anayetishwa na habari ya watu kugeuzwa manyani ataruka aya ngapi? Ungekuwa unamfukizia Huria ubani ili akurudishie nyumba, hapo ningekuwa wa kwanza kukukemea, na wanaofanya hivyo hawahitaji kitabu cha kuwafundisha.

Kuhusu mkono kutangulia, hilo si dhambi. Moyo ulioumizwa hukimbilia ulikowahi kupata usalama, na wewe uliupata kwa babako. Mwenyezi Mungu anamwambia Mtume wake katika Surat Hud, aya ya 120, kwamba anamsimulia habari za mitume ili amthibitishe moyo. Hata yeye alitulizwa kwa visa. Basi ukishamsoma Adili, usilale. Soma Surat Yusuf ile ile saa. Naye alitupwa na nduguze, kisimani badala ya baharini, na hicho si kisa cha kubuni.

Ila nikuulize, ni ukurasa upi unaokutuliza? Adili aliamriwa na Huria awachape manyani wale kila usiku, akawachapa huku akiwahurumia. Ikiwa unachokirudia ni mjeledi, umeshika chuki na hiyo haitakulaza. Kitabu hakikuishia hapo: Mfalme Rai aliwaombea, wakarudi kuwa watu. Yusuf naye alisema: leo hakuna lawama juu yenu. Lakini aliyasema akiwa mshika hazina za Misri, si akiwa bado kisimani. Kusamehe hakukulazimishi kuacha fungu lako.

Na fungu lipo. Warithi wakiwa ni ninyi watatu tu, baada ya madeni na wasia mali inakatwa mafungu matano: mawili kwa kila kaka, moja lako. Surat Nisaai, aya ya 7 na ya 11. Ajabu yangu ni kwamba darsa nzima imejua habari za kitabu chako na hakuna aliyeuliza habari za nyumba. Chukua cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo, ufungue mirathi mahakama ya mwanzo. Kaka zako wakikataa kuketi kikao, mtafute ami yenu au mzee mwingine wa ukoo akiitishe, na jina la msimamizi wa mirathi lipendekezwe kikaoni humo. Wakipinga, wapinge mbele ya hakimu.

Wallahu aalam.