Kabla hujamvalisha farasi buti za malishoni

Nilipofungua buti ya mguu wa mbele wa kushoto, manyoya ya ndani yalikuwa yamelowa chapachapa na kujaa mchanga. Nyuma ya kifundo, ngozi ya farasi wangu Shaba ilikuwa imechunika, kidonda cha upana wa kidole gumba, na nilipokigusa alivuta mguu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha naye yuko malishoni, amevaa buti nilizomnunulia ili asiumie.

Kilichoniuma zaidi nilikijua baadaye: buti zile hakuzihitaji hata kidogo. Zilikuwa za kukinga kano na mfupa wa muundi, na Shaba hajawahi kujigonga hapo. Tabia yake ni kukimbia kando ya uzio akiona wenzake wanaondoka, kisha akigeuka ghafla ncha ya kwato ya nyuma inakanyaga kisigino cha mguu wa mbele. Mara mbili aling'oa kiatu cha chuma kwa namna hiyo, na mimi bado nilikuwa namfunga buti juu ya kifundo!

Kwa hiyo, ndugu yangu, anza kwa kumtazama. Mwachie, simama pembeni nusu saa, angalia anavyokimbia na anavyogeuka. Kisha mpapase miguu. Makovu na manyoya yaliyokatika upande wa ndani wa kifundo yanakwambia kwamba mguu mmoja unaugonga mwenzake. Vidonda kwenye nyama laini ya kisigino cha mbele vinakwambia habari kama ya Shaba. Ukiwa na shaka, paka chaki ukingo wa ndani wa kwato, mtembeze na kumkimbiza taratibu, halafu tafuta chaki imehamia wapi. Mwonyeshe pia fundi wa kwato, kwa sababu kwato iliyorefuka mno mbele, au kiatu kilichokaa vibaya, huleta kugongana ambako hakuna buti itakayokuponya.

Kama tatizo ni kisigino, kinachotakiwa ni kinga ya mpira yenye umbo la kengele, inayozunguka kwato. Hapa kipimo ndicho kila kitu. Kwa nyuma ifunike kisigino chote na ikaribie kugusa ardhi. Ikiwa fupi, inaacha wazi palepale panapokanyagwa, na ikiwa ndefu mno ataikanyaga ajikwae. Juu, kidole kimoja kipite kati yake na mguu bila kulazimisha. Zile za kuvutwa juu ya kwato zinasumbua kuvalisha, lakini hazifunguki ovyo. Za velkro, ule ukanda wa kunatisha, ni rahisi, ila velkro ikishiba matope na mbegu za nyasi haishiki tena, na utaikuta katikati ya malisho. Mimi nachagua za kuvuta. Naziloweka kwanza kwenye maji ya moto zilainike.

Kwa anayegonga vifundo, tafuta buti yenye ganda gumu upande wa ndani na bitana laini isiyonyonya maji. Usidanganywe na manyoya ya kondoo. Ni mazuri kwa mazoezi ya muda mfupi, lakini malishoni yanabeba maji, mbigiri na mchanga. Neoprini nzito, yaani mpira wa sponji, nayo hufungia joto na jasho, na kano hazipendi joto. Kitambaa chenye matundu yanayopitisha hewa ni bora zaidi. Mikanda ifungwe kwa nje, ncha zielekee nyuma, zote zikazwe sawasawa, kwa sababu mkanda mmoja uliokazwa kuliko wenzake unabana kano mahali pamoja. Bandeji usimwachie nazo kabisa: zikilowa husogea, zikifunguka humnasa miguu.

Mara ya kwanza mvalishe bandani, umtembeze mpaka aache kurusha miguu. Na kabla ya kufunga, pangusa mguu kwa kiganja, mpaka usisikie chembe ya mchanga. Buti safi juu ya mguu mchafu ni msasa.

Halafu zivue. Kila siku, bila kukosa, hata kama anaonekana mzima. Papasa miguu yote minne ulinganishe joto, angalia ngozi chini ya kifundo, maana unyevu unaokaa hapo huleta magaga na maambukizi ya ngozi. Zioshe, zikauke. Kama huna mtu wa kuzivua kila siku, ni heri farasi akae bila buti. Wengi, hasa wasiovaa viatu vya chuma nyuma na wenye malisho mapana yaliyo tambarare, hawahitaji chochote.

Siku hizi Shaba anatoka na kinga mbili tu za kwato za mbele. Mvua ikianza, namrudisha bandani nazivua kwanza, ndipo namfuta mgongo.