Soma barua ya mhariri mpaka mwisho, usije ukalia kama mimi

Juzi usiku mdada mmoja wa Lindi kanitumia meseji: "Kaka shikamoo, wamenikataa, pepa yangu ndo basi tena." Pepa, yaani makala ya utafiti aliyoituma kwenye jarida la kisayansi. Nikamwambia hebu nitumie hiyo barua ya mhariri. Nimekaa barazani hapa Shangani na sahani yangu ya ming'oko naisoma, kufika aya ya tatu nikacheka peke yangu mpaka mama watoto akachungulia dirishani. Hajakataliwa! Kapewa marekebisho makubwa, na siku 60 za kuyafanya.

Nilicheka kwa sababu huyo ni mimi wa miaka minne iliyopita.

Pepa yangu ilihusu wakulima wa korosho Tandahimba, wanavyopuliza salfa kuzuia ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Msimu mzima nazunguka vijijini na bodaboda, macho yanawasha, shati linanuka salfa hata likifuliwa mara tatu. Jarida la kwanza likanirudishia baada ya siku mbili, kwa wapitiaji (wataalamu wanaoikagua pepa kabla haijachapwa) hata haikufika, mhariri kasema tu haiendani na mambo wanayochapa. Hapo sikuumia sana, kosa langu, niliwapelekea watu wa kemia ya udongo kisa jina lao kubwa, yaani umebeba dagaa unaenda kuuza duka la vitenge. Kabla hujatuma fungua matoleo yao ya karibuni uone wanachapa nini, basi.

La pili ndo lilinimaliza. Miezi mitano kila asubuhi kabla ya chai naingia kwenye mfumo wao, "inapitiwa", kesho "inapitiwa". Siku imeili imekuja, sentensi ya kwanza: haiwezi kukubalika kwa hali iliyonayo. Nikafunga laptopu. Sikula siku hiyo, na imeili zao zote zilizofuata nilikuwa nazipita kama sizioni.

Wiki 11 baadaye natafuta imeili nyingine kabisa, nikakutana na yao: muda wa kurudisha marekebisho umekwisha. Marekebisho gani tena? Nikarudi kwenye ile barua. Chini ya ile sentensi kulikuwa na kurasa mbili nzima! Mpitiaji wa kwanza kasifia data zangu, wa pili kauliza maswali 14, mojawapo kwa nini nilichagua vijiji vile na sio vingine (swali zuri tu), na mwisho kabisa mhariri kasema nirudishe ndani ya siku 60. Zimeisha mimi nimenuna.

Nikamwandikia kumwomba, akajibu mistari miwili, tuma upya kama pepa mpya. Hakukosea, ila mpaka leo nikiona jina lake mahali roho inashtuka. Wapitiaji wapya, miezi mingine saba, sisimulii. Ilitoka.

Kwa hiyo ndugu zangu, barua ya mhariri inaanza na ubaya, vumilia, shuka chini utafute neno marekebisho na tarehe. Halafu chora jedwali, swali lao kushoto, jibu lako kulia, na ukurasa uliobadilisha. Usipokubaliana nao sema kwa nini, kwa adabu. Siku hazitoshi? Omba kabla hazijaisha, wengi wanaongeza. Na jarida linalokukubali ndani ya siku tatu halafu linataka dola, hilo halijakusoma.

Na hata ukikataliwa kweli, hamia kwingine. Mwanasayansi Hans Krebs mwaka 1937 alirudishiwa pepa yake na jarida la Nature, ati wana barua (pepa fupi) nyingi za kuchapa, akapeleka jarida la Enzymologia ikatoka mwaka huohuo, na 1953 akapata Nobeli kwa kazi hiyohiyo. Hakukaa wiki 11 amenuna! Sisi huku pepa ikirudi mtu anaficha kama kafumaniwa, hata wa ofisi ya jirani hajui, sasa nani akusomee hiyo barua? Acheni aibu jamani.

Mdada karudi saa sita usiku: "Kaka, nimeyahesabu maswali, yako 23." Nikamwambia lala, kesho anza na yale ya tahajia.