Zuu ya wazi: chagua wachache, kaa nao

Swali lenu la wiki hii ni kama zuu za wazi, zile za kuzungukia na gari au basi wanyama wakiwa wamejiachia, zinaishinda zuu ya kawaida au ni kutembezwa juani tu. Mi nasema zinaishinda, tena mbali, ila watu wengi wanatoka huko wamenuna kwa sababu wanaingia na hesabu za zuu ya vizimba, tuone wote, tupige picha, twende. Huku haiendi hivyo jamani, ile nafasi kubwa amepewa mnyama, wewe hujapewa. San Diego Zoo Safari Park kule California ina kama ekari 1,800, faru akiamua leo anakaa nyuma ya kilima basi atakaa, na simba anaweza kulala mpaka saa 20 kwa siku, sasa wewe unafika jua la utosi halafu unalalamika eti simba hafanyi kitu, ulitaka afanye nini?

Nenda mapema geti likifunguliwa tu, chagua wanyama watatu wanne, wengine wasamehe. Mi niling'ang'ania kwenye uwanda wa twiga mpaka wenzangu wakachoka wakaenda kula, ndo nikaona madume mawili yanasogeleana, yanasuguana shingo taratibu ukadhani yanabembelezana, mara moja likazungusha kichwa likampiga mwenzie ubavuni, mlio wake ulifika mpaka tulipokuwa. Kibasi kilikuwa kimepita muda si mrefu, wao waliambiwa "kushoto kwenu twiga", basi.

Ukitulia hivyo unaanza pia kuuona ujanja wa waliotengeneza. Mjerumani Carl Hagenbeck alifungua bustani yake Hamburg mwaka 1907, akaondoa nondo akaweka mahandaki, ukisimama panapotakiwa unaona wanyama wala majani na simba nyuma yao kana kwamba wanaishi pamoja, kumbe katikati kuna shimo simba halivuki. Mpaka leo mtindo ni huo huo, kwahiyo tafuta handaki liko wapi, watoto wanaupenda sana huo mchezo. Zile za kuingia na gari lako mwenyewe zilipata umaarufu na Longleat ya Uingereza iliyoanza na simba mwaka 1966, raha yake ni kubwa, ila vioo juu muda wote na kwenye nyani kama unazipenda waipa zako tafuta njia ya pembeni.

Lakini sababu yangu kubwa ni kuzaliana. Hapo hapo San Diego, zuu yao ya mjini ilikuwa na faru dume mweupe anaitwa Mandhla, miaka yote hakuna ndama. Mwaka 1971 wakaletwa faru 20 kutoka Afrika Kusini wakawekwa kule kwenye uwanda mkubwa, Mandhla naye akapelekwa, na huyo huyo aliyeonekana hana maana akaja kuwa baba wa makumi ya ndama!! Alikosa kundi na nafasi tu. Halafu kuna choroa wa Sahara, yule swala mkubwa mweupe wa pembe zilizopinda kwenda nyuma ambaye watu wanampita mbio kumuwahi simba, alitangazwa mwaka 2000 kwamba ametoweka porini, akabaki mikononi mwa watu, na tangu 2016 makundi yanarudishwa Chad. Hao ningewakalia hata saa nzima.

Chukueni darubini, hata ya bei rahisi, bila hiyo nusu ya wanyama watakuwa vidoti tu. Na kama unaenda na mtoto wa miaka miwili mitatu, hapo naikubali zuu ya mjini, maana huyo anamtaka tembo sasa hivi na amtake karibu, habari za kusubiri hana.