Meza isiyo na watu

Kibosho, Moshi

Mwanangu Neema,

Shimbonyi, mae. Sisi hatujambo. Baba yako goti linamsumbua, na fimbo hataki hata kuisikia. Ujumbe wako niliusoma, nikaona nikujibu kwa karatasi nimpe kaka yako anayeshuka Dar Ijumaa, maana kwenye simu nikiandika mistari miwili tu macho yanaanza kutoa machozi.

Umeuliza mambo mawili. Glory amekimwagia mchuzi kile kitambaa cha meza nilichokupa kwenye kicheni pati yako, doa linatokaje. Na la pili, kama nitakasirika ukikikunja ukakiweka kabatini mpaka watoto wakue, mezani utandike cha plastiki.

Doa si kazi. Huo mchuzi najua una binzari ya manjano, wewe hupiki bila manjano. Ukilipaka sabuni litageuka jekundu, usishtuke ukadhani umeharibu; suuza, litarudi kuwa njano. Kiloweke maji ya baridi, kifue kwa sabuni ya mche kwa kukibonyezabonyeza, halafu kianike juani kikiwa bado kibichi. Kesho rudia. Manjano hayawezi jua, yatafifia yenyewe. Ila usikinyonge kukikamua, maua yatavutika na hayarudi. Kilaze juu ya taulo, ukinyooshe kwa mkono ua moja moja. Ingekuwa ni utomvu wa ndizi ningekwambia ukae ulizoee.

Sasa hilo la pili. Katikati ya ujumbe wako uliandika, kama kitu cha kupita tu, kwamba siku ile Glory alikuwa anakula peke yake mezani, wewe uko jikoni, na Baba Glory bado yuko kwenye foleni ya Kimara. Hapo nilisimama kusoma. Nikavua miwani. Nimewaambia tangu mkiwa wadogo, na kaka yako ananicheka mpaka leo: meza isiyo na watu haihitaji kitambaa.

Ninyi mnadhani ile meza yetu ya hapa nyumbani ilikuwepo siku zote. Nilipoolewa hapa haikuwepo. Watu wakisema zamani familia zilikula pamoja huwa nawatazama tu. Wanaume walikula kwao na wageni wao, sisi jikoni na watoto, tumezunguka sinia moja, na nyama iliyotufikia ilikuwa imeshapita mikono mingi. Baba yako ndiye aliyesema anataka meza. Kitinda mimba, nyumba ya wazazi imebaki kwake, akaona ana haki ya kubadili kitu kimoja. Mringaringa wa kule mgombani ulikuwa umeangushwa na upepo, akaupasua mbao, mbao zikakaa darini juu ya moshi wa jiko mpaka zikakauka vizuri, ndipo fundi akaitwa. Babu yako alizaliwa 1933, mwaka ilipoanzishwa KNCU, ushirika wetu wa kahawa, na alipenda kusema yeye na ushirika ni pacha. Alikuja akaigonga ile meza kwa vidole, akasema ni kubwa mno. Watu wanane.

Kitambaa nilikifuma mimi kwa ajili ya meza hiyo, na uzi niliununua kwa hela yangu. Hilo nataka ulijue. Hela ya kahawa ilikuwa ya baba yako, ya ndizi ilikuwa yangu, ndiyo ilikuwa desturi yetu. Nilikuwa nashuka na mkungu kichwani mpaka sokoni Mbuyuni, nikirudi nina chumvi, mafuta ya taa na bonge moja la uzi mweupe. Nanasi lile, ua la kitambaa, halikuwa kwenye kitabu chochote. Nilikaa nyuma ya mama mmoja kwenye jumuiya, amejifunika kitambaa begani, nikawa nahesabu vitundu vyake wakati wenzangu wanasali rozari. Unajua lilivyo gumu: unaanza katikati, unafunga kimnyororo kiwe duara, unazunguka. Ukipunguza kitundu kwenye mzunguko wa tano hulioni kosa mpaka umefika mbali, kitambaa kinapokataa kulala kinainua kingo juu kama bakuli. Unafumua yote, usiku, kwa koroboi.

Basi ikafika Krismasi ya 1994, Mzee Mwinyi bado Rais. Wote wamepanda nyumbani, magari yamejaa mpaka kwa jirani. Asubuhi na mapema nilitandika kitambaa changu, nimekipiga wanga, kingo zinaning'inia sawasawa pande zote nne. Nikarudi jikoni kwenye mtori. Nilipotoka na sufuria nikakuta mama yenu mkubwa wa Dar ametandika plastiki juu yake. Nyekundu, ina matufaha ya kijani, inanuka upya. Alisema, na watu wakamwitikia, "Hii ukiimwagia mchuzi unapangusa tu, mdogo wangu, utapumzika kufua." Wifi zangu wakaishika, wakauliza bei. Mmoja akasema sasa nyumba imependeza.

Mimi ni mke wa mdogo mtu. Ningesema nini? Niliweka sufuria mezani nikasema asante dada.

Miaka mingi imepita na bado nikilikumbuka lile plastiki moyo unachemka, nakwambia kweli. Hivi hakukiona? Ni kitambaa cha meza ya watu wanane, si leso. Halafu najiambia, wewe mama, tulia. Yule dada mwanzoni mwa miaka ya 80 alikuwa akipanga foleni na mtoto mgongoni kupata sabuni, na wakati mwingine foleni inakatika hajafika. Wakati wa ruksa, Mwinyi alipolegeza biashara, vitu vikajaa madukani, na mtu akikuletea kitu kipya cha dukani alikuwa amekuheshimu. Alibeba plastiki lile kutoka Kariakoo njia nzima kwenye basi kwa ajili ya nyumba yangu. Na kweli mchuzi ulimwagika mara ngapi siku ile, wakapangusa. Hilo silikatai.

Lakini angekunja changu kwanza! Angeniuliza nikiweke wapi. Kukifunika kikiwa palepale, hapana.

Wewe ulikuwa chini ya meza na binamu zako, mnachungulia kwenye vitundu vya kingo zilizotokeza. Hukuona kilichotokea juu. Babu yako alikaa pale kwenye kichwa cha meza. Nyama alikuwa haiwezi tena, nikamletea kiburu chake cha ndizi na maharage kwenye bakuli, magadi kidogo kama alivyopenda. Akalitazama bakuli, akalitazama plastiki. Akalishika upande wake, akalikunja taratibu mpaka karibu na sahani ya baba yenu mkubwa, akaweka bakuli juu ya uzi wangu. Mama yenu mkubwa akasema, "Baba, utakichafua." Babu akamwangalia, akamwomba chumvi.

Basi. Akala kiburu chake mpaka akamaliza, akaletewa mbege kwenye kata, akaiweka palepale.

Baba yako anasema plastiki lilikuwa linateleza, mzee alitafuta tu mahali pa bakuli kutulia. Huenda. Tumebishana juu ya hili mara nyingi na hatujaafikiana. Mimi nina langu. Bakuli lilikuwa na mchuzi chini, likaacha duara la kahawia. Nililifua likabaki kivuli, na sikulifuata tena. Kitandike uangalie upande ambao nanasi moja lina majani pungufu, utaliona. Kwa hiyo ukiniuliza kuhusu doa la Glory, ujue kitambaa hicho hakikuja kwako kikiwa safi.

Sasa utasema, mama, nimekuuliza kabati unanijibu Krismasi. Nakuja huko. Najua Dar si Kibosho. Mtu akifika nyumbani saa tatu usiku huwezi kuwaweka watoto na njaa wamngoje kwa sababu bibi yao anapenda meza ijae. Na mimi mwenyewe ningemwona mtoto anafutia mikono kwenye kazi ile ningekikunja siku hiyohiyo, kwa hiyo sikulaumu. Kabati si dhambi. Ila kitu kilichofumwa kwa ajili ya meza kikiingia kabatini, kinachofuata ni kila mtu na sahani yake, mmoja mbele ya televisheni, mwingine na simu chumbani. Au nimekosea mpangilio? Labda watu ndio huondoka mezani kwanza, kitambaa kinafuata. Ndiyo, labda ni hivyo. Basi hapo kabati halina kosa.

Jumapili je? Baada ya misa nyote mko nyumbani. Mtori unataka mikono mingi: Baba Glory amenye ndizi, Glory akoroge zikishaiva mpaka zilainike, mdogo wake apange vijiko. Mkishakaa wote wanne, tandika. Mkiwa mmekaa wawili, plastiki inatosha, au msitandike kitu. Meza isiyo na watu haihitaji kitambaa, nimeshasema.

Lakini nyumba ni yako, mimi siamui. Ukikiweka kabatini nitanyamaza. Weka karafuu katikati ya mikunjo, na kila baada ya muda ubadilishe mahali pa kukunja, uzi wa pamba hukatika palipokunjwa muda mrefu.

Kuhusu hiyo meza mpya ya kioo anayoitaka mwenzako, nitumie vipimo kwa futi, urefu na upana. Usinitumie picha. Kitambaa juu ya kioo kinateleza, itabidi nifume kingo nzito kidogo zikivute chini. Uzi nitanunua mwenyewe mjini.

Kaka yako nampa mkungu mmoja wa mshare na maharage ya shamba. Mkimenya ndizi pakeni mafuta mikononi kwanza, mzitie kwenye maji zisiwe nyeusi. Zipikwe kabla ya Jumatano, na joto la huko haziwezi kungoja zaidi ya hapo.

Wako,
Mama