Mama anaona fremu ya mlango imepinda: achana na miwani, retina ipigwe picha kwanza

Mleta mada, usinunue hiyo miwani. Umesema mama ana miaka 68, jicho la kulia linaona fremu ya mlango wa jikoni imepinda, duka la miwani limemwambia ni mtoto wa jicho asubiri ukomae, na wewe unauliza bei za fremu Kariakoo na kama bima inalipa. Mtoto wa jicho huleta ukungu, mwanga wa taa za magari ukasumbua usiku. Kupinda mlango si kazi yake. Mstari ulionyooka ukianza kupinda, mara nyingi shida iko nyuma ndani ya jicho, kwenye retina, utando unaopokea picha, pale katikati panapoitwa makula, tunapopatumia kusoma na kutambua sura za watu.

Baba yangu alianza hivyo hivyo. Alimlaumu fundi kwamba vigae vya bafuni amevipanga kombo. Duka moja la miwani mjini likampima kwa zile herufi za ukutani, likasema mtoto wa jicho, likamuuzia miwani. Haikusaidia. Akarudi, wakambadilishia lenzi na kumtoza tena. Hakuna aliyemtia dawa ya kutanua mboni, hakuna aliyechungulia ndani, na miezi ikakatika hivyo. Siku moja vumbi likamwingia jicho la kushoto, akalifunika kwa leso huku anahesabu mauzo. Akaniuliza mbona noti ya elfu moja haina Nyerere. Kingo za noti anaziona, rangi anaiona, penye uso pana doa la kijivu. Muda wote huo jicho zima lilikuwa linafichia jicho bovu.

Yule muuza miwani bado ananiuma rohoni. Kuuza miwani ni haki yake. Lakini mzee anakwambia mistari inapinda, nawe unamuuzia lenzi ya pili? Ungesema tu, "Mzee, hapa kwangu mwisho, nenda kwa daktari wa retina," baba angekuwa anasoma gazeti kwa macho yote mawili leo.

Alipopigwa picha ya OCT ndipo tukaelewa. Kidevu unakiweka kwenye kiegemeo, unatazama alama ndani ya mashine, na dakika chache baadaye imemaliza. Mwanga wake hauumizi, na unaonyesha retina tabaka kwa tabaka kama mkate uliokatwa. Katikati ya makula panatakiwa pawe na kibonde kidogo. Kwa baba palikuwa na kilima, na ndani yake mifuko myeusi. Daktari akaweka kidole pale: "Haya ni maji." Kuna mishipa mipya ya damu inayochipuka kutoka koroidi, tabaka lililo chini ya retina, inapenya utando wa Bruch unaolitenga tabaka hilo na retina, na kuingia isipotakiwa. Kuta zake ni dhaifu, inavuja maji na damu, na ikiachwa inaacha kovu. Wanaita uzee wa makula wa aina ya maji. Wagonjwa wengi wana aina kavu, inayokwenda polepole. Hii ya maji inaweza kuharibu jicho ndani ya wiki au miezi.

Wanaweza pia kumpiga angiografia: dawa ya floresini inachomwa kwenye mshipa wa mkono, kamera inafuata inavyopita na inapovujia. Mkojo utakuwa wa rangi ya chungwa, asishtuke. Kama ana mzio wowote, aseme kabla. Ipo na OCT ya mishipa isiyohitaji sindano: mashine inapiga sehemu ileile mara nyingi haraka haraka, na kinachobadilika ni damu inayotembea, hivyo mtandao wa mishipa unajitokeza. Uvujaji wenyewe haiuonyeshi, kwa hiyo daktari akitaka floresini juu yake msidhani anawakamua.

Sindano za ndani ya jicho zipo na zinafanya kazi. Mara nyingi huanza na sindano 3, moja kila mwezi, kisha picha ndiyo inayoelekeza. Mkitajiwa Avastin msikatae kwa sababu ni dawa ya saratani. Utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2011 ulikuta inalinda uwezo wa kuona sawa na ranibizumab, sindano ya jicho ambayo ni ghali zaidi. Ila sindano inakausha maji, haifuti kovu. Baba alifika kovu likiwa limeshakaa.

Kwa hiyo kanuni ni moja: mistari ikipinda, usilipie kitu kingine chochote kabla ya OCT. Wiki hii, si mwisho wa mwezi. Leo usiku mfunike mama jicho moja moja, atazame ukurasa wa daftari la hesabu lenye vyumba, aseme vyumba vipi vimepinda au vimepotea. Hata asipoona chumba kilichopinda, mpeleke. Hospitali za Muhimbili na CCBRT Msasani, hapo Dar, zina huduma za macho. Piga simu kwanza uulize kama OCT inafanya kazi na daktari wa retina yupo siku gani. Mtu akikwambia huu ni ugonjwa wa wazungu, usimsikilize. Kwetu haujazoeleka sana, lakini upo.

Nenda naye mwenyewe, maana akitanuliwa mboni hataona vizuri kwa saa kadhaa na daladala itamshinda. Na mkimaliza omba nakala ya picha, hata kwa kuipiga na simu kwenye skrini, muitunze. Safari ijayo daktari atataka kulinganisha.