Jibu: Sanduku la barua pepe kuwa jekundu, la njano au la kijani kwenye programu ya kuwaandikia wateja

Mkuu, umesema una masanduku matatu ya barua pepe kwenye programu unayotumia kuwaandikia wanunuzi wa maparachichi, ile inayotuma barua na vikumbusho yenyewe: la kwanza limekuwa jekundu tangu ubadilishe nenosiri, la pili ni la njano, la tatu ni la kijani siku zote ila majibu hayaji. Mimi niko Mbeya mjini, natafuta wanunuzi wa kahawa ya Mbozi na chai ya Rungwe kwa njia hiyohiyo, kwa hiyo nakujibu kwa niliyokutana nayo. Rangi na majina hutofautiana kidogo kati ya programu na programu, lakini mambo yaliyo nyuma yake ni yaleyale.

Nianze na la kijani, maana hilo ndilo linalowapotezea watu msimu mzima. Kijani inasema jambo moja tu: programu imepiga hodi kwenye seva ya barua zako ikafunguliwa. Haisemi barua zako zinaangukia wapi. Seva ya mnunuzi kule Rotterdam ikishajibu "nimepokea", programu yako inaandika kwamba barua imefika, hata kama imetupwa kwenye spamu. Kwa hiyo acha kuitazama rangi, jitumie barua kwenye Gmail yako binafsi, kisha ufungue sehemu inayoonyesha barua ilivyo asilia. Tafuta SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lako), DKIM (saini ya kidijitali ya barua) na DMARC (maagizo ya nini kifanyike barua ikishindwa kuthibitishwa). Kila moja inatakiwa iwe na neno PASS.

Hapo ndipo wengi wetu wenye domeni (jina la mtandaoni la biashara) za .co.tz tunapokwama. Domeni ilisajiliwa na fundi aliyetengeneza tovuti, rekodi ya SPF ikataja seva yake peke yake, halafu baadaye barua zikahamishiwa Google. Rekodi haikuguswa. Wengine huongeza rekodi ya pili ya SPF juu ya ile ya zamani, na hilo linaharibu zaidi, kwa sababu domeni inatakiwa iwe na SPF moja tu. Unaziunganisha ziwe mstari mmoja. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza kamba. Anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenda Gmail lazima awe na zote tatu, na malalamiko ya spamu yasifikie asilimia 0.3. Wewe hutumi kiasi hicho, lakini weka zote tatu hata hivyo.

Sasa jekundu. Ukibadilisha nenosiri la akaunti ya Google, yale manenosiri ya programu yenye herufi 16 yanafutika yote, na ruhusa uliyoipa programu kusoma Gmail yako nayo inakatika. Hakuna kilichoharibika. Washa uthibitishaji wa hatua mbili kama haupo, tengeneza nenosiri jipya la programu au toa ruhusa upya, basi. Ila kabla ya kubonyeza kitufe cha kuunganisha, soma maneno ya kosa yaliyoandikwa pale. Namba 535 ni nenosiri kukataliwa. Kama ni muda kuisha bila jibu, angalia namba ya mlango (port) wa kuunganishia: kutuma ni 587 au 465, kusoma kwa IMAP (njia ya programu kusoma sanduku lako) ni 993. Na usidhani umeme au mtandao wa huko kwako Tukuyu ndio chanzo. Programu ya aina hii hukaa kwenye seva za mbali na huzungumza na seva ya barua moja kwa moja, hata simu yako ikiwa imezimwa.

Kuna wekundu wa nusu ambao mimi nauogopa kuliko wote: kutuma kunafanya kazi, kusoma kumekatika. Barua zinatoka kama kawaida, mnunuzi anajibu vizuri akiomba bei ya kontena, lakini programu haioni jibu lake. Inamtumia ukumbusho wa pili, wa tatu, ikimuuliza kama aliiona barua ya kwanza. Mnunuzi mzuri unampoteza hivyo. Ukiona dalili hiyo simamisha kampeni (ule mfululizo wa barua) papo hapo, ingia kwenye sanduku lenyewe kwa mkono, jibu waliokuandikia, ndipo urekebishe IMAP.

La njano mara nyingi halihitaji kuguswa. Ama sanduku ni jipya na bado linaongezewa barua kidogo kidogo, au kikomo cha siku kimefikiwa. Gmail ya bure inaishia 500 kwa siku, ya kulipia ya Workspace 2,000, na programu yenyewe huweka kikomo cha chini zaidi. Usikipandishe kwa haraka. Ikiwa njano imetokana na barua kurudi, tazama namba: 421 na 452 ni za muda, zitajaribiwa tena, 550 mara nyingi ni anwani isiyokuwepo, iondoe. Zikiwa nyingi, orodha yako ni mbovu, hasa kama uliinunua. Na majina ya watu yaliyonunuliwa yana sheria zake sasa, hapa kwetu kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyoanza kutumika Mei 2023, na Ulaya wana yao.

Kwako ningeanza leo na lile jekundu, hasa upande wa kusoma, halafu SPF ya lile la kijani. Ukikwama bandika hapa maneno ya kosa kama yalivyo, ila futa anwani za wateja na nenosiri kwanza.